Hakuna Aliyeomba Wimbo Mupya

Mulinipa saa ya ukutani. Siku ile ya kuniaga, mbele ya direkteri na ile keki, mukafungua karton na ndani yake mukatoa saa. Mutu amefanya radio maisha yake yote, mpaka leo anaota kwamba habari za saa saba zimemupita, na ninyi munamupa saa! Nilicheka hadi wengine wenu wakafikiri ninalia. Nimeitundika sebuleni kwangu, mutaa wa Mapendo, na nimeitoa pili, yaani betri. Inaonyesha saa ileile tangu siku ile, na mimi ninakula njaa ikinipata. Aksanti sana, ni zawadi nzuri.

Lakini Bahati, teknisyen wetu wa mitambo, aliniomba kitu kingine siku ile. Alinivuta kando akasema, "Mama Faida, utuandikie namna mulikuwa munafanya. Sisi tulikuta tu kompyuta." Basi ninaandika. Habari za vyeo sitaziandika, maana cheo kilikuwa karatasi kwenye mulango na upepo wa ziwa uliichukua. Za mushahara pia nitaziacha. Muko na watoto, sitaki muvunjike moyo mapema.

Nilifika Goma kutoka upande wa Bukavu, musichana mwenye diploma moja na jozi moja ya viatu vya ngozi. Nililala kwa shangazi, mama wa misa ya kwanza, ambaye aliamini radio ni kazi ya watu wa bar. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza nilikunywa tangawizi hadi koo likawaka, nipate sauti. Asubuhi nikafika studio na sauti yangu tayari. Akanipokea Papa Shabani, teknisyen mukubwa, mutu wa mutaa wa Murara ambaye wazazi wake walitoka Maniema na biashara ya nguo. Alikuwa na kofia nyeupe ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa kamba. Hakutaka hata kunisikia.

"Onyesha mikono," aliniambia.

Nikaonyesha.

"Kucha ni ndefu. Ukate, halafu urudi. Sauti kila mutu iko nayo, hata mbuzi."

Nikarudi na kucha fupi, naye akanipa pamba na chupa ya alkoli. Kazi yangu ya kwanza katika radio ilikuwa kusafisha vichwa vya mashine za kaseti, ile sehemu ndogo inayogusana na mukanda na kuusoma. Vumbi la Goma ni jeusi na kali, kwani ni jiwe la volkano lililosagika. Likikaa pale, muimbaji anaanza kuimba kama mutu mwenye mafua. Nilisafisha vichwa, nikazungusha kaseti kwa kalamu ya bic, nikakata mukanda kwa wembe na kuuunga kwa skochi, ule utepe wa kunata. Mikro niliiona kwa mbali tu, kwa muda murefu, kama vile mutu anaona nyama ya harusi ya jirani.

Papa Shabani hakuwa mutu wa kufundisha kwa maneno mengi, lakini mambo mawili aliyasema kila siku. La kwanza, usizungumuze juu ya mukia wa wimbo. "Yule aliyeomba amengoja tangu asubuhi," alikuwa anasema. "Wewe unamukatia mwisho kwa sababu unataka kusema jina yako? Wallahi, ni wizi." Nikisahau, aliteremusha kitufe cha mikro yangu bila kunitazama, na mimi nikaendelea kuongea peke yangu kama mwehu. La pili lilikuwa jina. Kabla ya kusoma jina la musikilizaji ulipaswa kuuliza linatamukwa namna gani, liwe la Kihunde, la Kinande, la Kishi ama la Kiarabu. Jina ukilikosea, alisema, umemutukana mutu pamoja na mama yake.

Ijumaa alikuwa anaenda kusali na kuniachia mashine zote. Alikuwa anasema, "Nitakusikia kule," na kweli akirudi alinitajia kila kosa. Sijui alikuwa anasali saa ngapi.

Hivyo nikafika kwenye emisio, yaani kipindi, ya maombi ya nyimbo ya Jumapili, ambayo ninyi nyote munaijua kwa sababu nimewachosha nayo. Mutu anaomba wimbo, anasema ni wa nani, sisi tunasoma jina na kuuweka. Ni hayo tu. Wakati ule hakukuwa na telefone mikononi, watu walikuja wenyewe hadi getini baada ya misa, wamevaa vizuri, na mimi nikawapokea mumoja mumoja. Ukitaka kujua muji, kaa kwenye geti ya radio siku ya Jumapili. Siku moja alikuja mama mumoja, akaomba wimbo kwa ajili ya mume wake aliyekuwa kwenye machimbo ya Walikale. Kabla hajafika barabarani akaja mama mwingine na wimbo mwingine, kwa mume yuleyule. Jina lilelile, machimbo yaleyale. Nikakimbia kwa Papa Shabani.

"Tufanye nini, papa?"

Akafikiri, akasugua miwani. "Tuweke zote mbili. Tuanze na bibi mukubwa."

"Bibi mukubwa ni nani?"

"Mwenye amekuja wa kwanza. Kanuni ya foleni."

Tukaweka zote mbili. Baada ya muda yule bwana alirudi kutoka machimbo, akaja kuuliza kama radio inatafuta mulinzi wa usiku, maana hakuwa tena na pa kulala. Tulimuchukua. Alikuwa mulinzi mwema sana.

Sasa nifike kwa Papa Lwaboshi, muimbaji wetu, kwa sababu najua njo yeye, ndiye munangoja.

Vijana, ninyi mulimukuta muzee wa kofia anayepita getini na kusalimia kila mutu "Mulishakula?" Mimi nilimukuta kijana anayefanya barabara nzima isimame. Alikuja kwetu na orchestre yake kurekodi "Boti ya Asubuhi". Tulibandika magodoro kwenye kuta za studio, na mvua ikigonga mabati tulisimamisha kila kitu na kungoja. Katika kungoja huko ndiko nilimujua soliste wake, mupiga gitare waliyemuita Docteur. Alikaa na gitare kwenye magoti, anakula karanga kwa mukono wa kushoto tu, asije akapaka mafuta ule wa kuume. Tulimuita Docteur kwa sababu alikuwa anafufua wimbo uliokufa. Mvua ikakatika, Papa Shabani akainua kidole, wakapiga mara moja bila kurudia. Wimbo ule unasimulia bibi anayengoja mume kwenye boti ya kutoka Bukavu, na boti inafika, abiria wanashuka, na Docteur anapiga gitare ile kama mutu anayetafuta sura katika kundi. Nilisimama nyuma ya kioo na pamba yangu mukononi. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mutu wangu Bukavu, na nililia. Ninasema wazi: nilipenda wimbo ule kuliko watu fulani niliowahi kuwaahidi kuwapenda.

Halafu ukaja mwaka ule volkano iliposhuka mupaka mujini. Papa Shabani alifunga mashine ya kuchanganya sauti ndani ya musala wake wa kusalia, akaibeba mugongoni kama mutoto. Mimi nilijaza kaseti kwenye beseni, nikaweka kichwani, tukatembea na muji wote kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Watu walibeba magodoro, mbuzi, picha za harusi. Mama mumoja akaniuliza nina nini ndani ya beseni, nikamwambia nyimbo. Akasema, "Pole, dada," namna unamwambia mutu ambaye akili imemutoka.

Tuliporudi, studio ilikuwa chini ya jiwe. Tulianza tena kwenye chumba cha kuazima, sakafu ingali vuguvugu. Mutu wa kwanza kubisha hodi hakuuliza habari ya serikali wala ya misaada. Alikuwa Papa Idi, dereva wa malori wa Murara, nguo zimejaa majivu.

"'Boti ya Asubuhi' iliungua?" akauliza.

"Hapana, papa. Iko."

"Nyumba yangu imeenda. Weka ile wimbo."

Tukaiweka. Alisikiliza amesimama mulangoni, kofia mukononi. Tangu siku ile Papa Idi aliiomba karibu kila Jumapili, akiwa Goma, akiwa Butembo, akiwa barabarani na lori limekwama. Kwa hiyo kama mutu ana haki ya kumukasirikia Papa Lwaboshi, ni yeye.

Miaka ikaenda. Papa Shabani alistaafu, halafu alikufa, Mungu amulaze pema, na hakuna siku sijasikia kidole chake kwenye kitufe changu. Orchestre ya Papa Lwaboshi ilitawanyika vile vitu vyetu vyote vinatawanyika, huyu kwa vita, huyu kwa kazi, huyu kwa ugonjwa. Docteur alienda Kampala. Papa Lwaboshi alibaki na sauti iliyokwaruza na vidole vilivyovimba kwenye viungo. Tulifikiri amemaliza. Halafu siku moja akaja na wimbo mupya ndani ya kifimbo cha kompyuta, ile flash, amevaa kofia mupya pia.

Wimbo uliitwa "Nawaita". Nilimukalisha, nikausikiliza naye ndani ya studio. Synthé tupu, kinanda cha umeme, ile ya maharusi, inayopiga ngoma na zeze na filimbi kwa kidole kimoja. Gitare hakuna. Na juu yake Papa Lwaboshi, sauti kama mulango wa gereji, anaita majina. Deogratias Bahizire, eeh. Vumilia Nabintu, eeh. Safari Kibambe, eeh. Jina juu ya jina hadi mwisho.

Kwa musomaji asiyetoka huku nieleze. Katika muziki wetu wa Kongo kuna kutupa libanga. Muimbaji yuko katikati ya wimbo wa mapenzi, mara anataja jina la mukubwa fulani, mwenye depo ya bia ama mwenye magari, na yule mukubwa anafurahi na kumukumbuka muimbaji. Tumezoea. Jina moja, mawili, hakuna anayekasirika. Lakini wimbo muzima wa majina, bila mapenzi, bila gitare?

"Umesikia nini, mutoto ya kwetu?" akaniuliza. Alikuwa ananiita hivyo kwa kuwa sote tunatoka upande mumoja wa ziwa.

"Nimesikia synthé, papa."

Alicheka. Mimi sikuuliza zaidi.

Wasikilizaji hawakucheka. Mulikuwapo, mulisikia zile sauti kwenye WhatsApp. "Papa Lwaboshi amezeeka vibaya." "Anaita wakubwa waje na mufuko." "Hao Bahizire na Kibambe ni nani, wa ushuru wa dwane ama wa madini ya koltani?" Na kila mutu akamaliza na ileile, ya kale njo dhahabu. Mutu asiyekupenda hakutumii sauti ndefu hivyo, anazima radio na kulala. Hawa walikuwa na hasira ya mutu aliyerudi nyumbani na kukuta wameuza kitanda chake. Mimi pia nilikuwa nayo, tena kubwa. Usichana wangu wote ulikuwa ndani ya gitare ile ya Docteur, na muzee huyu alikuwa ameitoa na kuweka ngoma ya plastiki.

Lakini kazi ni kazi. "Nawaita" niliuweka kwenye programu za katikati ya wiki, mara moja moja. Jumapili sikuweza, maana Jumapili tunaweka kinachoombwa. Na hakuna aliyeuomba. Waliomba "Boti ya Asubuhi", waliomba nyingine zake za zamani, hata zile mbaya. Ule mupya, hapana.

Kila Jumatatu Papa Lwaboshi alipita getini. "Mulishakula?" Halafu anakaa, anavua kofia, anaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, na kuuliza polepole:

"Hata mumoja?"

"Bado, papa."

"Bon. Watu wako na mambo mingi."

Ningeweza kumudanganya. Ni rahisi sana kumudanganya muzee, unasema tu kuna mama fulani wa Katindo. Lakini angeuliza jina la yule mama, nami ningepaswa kulitunga, na kutunga jina kwenye emisio ya maombi singeweza. Kwa hiyo nilimumiminia chai. Wiki baada ya wiki nilimupa chai, na kila mara iliniuma roho.

Ikafika wiki yangu ya mwisho. Alikuja Ijumaa, siyo Jumatatu.

"Jumapili njo unaaga?"

"Njo naaga, papa."

"Nitakuja kukaa na wewe kwenye antena, hewani. Watu wanipigie mimi mwenyewe, waseme mbele yangu." Akazungusha kofia mukononi. "Na kama hata siku hiyo hakuna mutu mwenye ataomba ile wimbo, naacha. Synthé nitapatia korali ya parokia. Mimi nitarudi kwetu Walungu, nilime maharagi kama watu."

"Papa, muimbaji haachi hivyo."

"Muimbaji anaacha wakati hakuna mwenye anamusikia. Sasa uniahidi. Usiombe wewe. Na usitume mutu aombe."

Nikaahidi. Jumamosi nilishika telefone nimupigie binamu yangu wa Katindo, nikaiweka chini, nikaishika tena. Binamu yangu ana sauti inayojulikana hadi Sake. Nikaiacha.

Jumapili Papa Lwaboshi alikuja na suti ya kahawia na tai. Bahati alimuwekea kiti cha matakia, akashusha mikro hadi mudomoni kwake. Nikafungua emisio, nikasema huyu hapa muzee wetu, telefone ziko wazi. Zikalia zote pamoja.

Mama wa kwanza alimushukuru sana kwa harusi yake, akamuombea maisha marefu, na akaomba "Boti ya Asubuhi". Tukauweka. Aliyefuata ni mwanafunzi wa chuo, mwenye Kifaransa kingi, ambaye alisema kwa heshima zote kwamba kila mutu ana wakati wake, na kwa nini Papa Lwaboshi asipumzike naye, kama Mama Faida? Bahati alinitazama kupitia kioo na macho makubwa. Papa Lwaboshi akasema, "Aksanti, mutoto. Nimesikia." Akanywa maji. Kisha wakaja wengine, wema wote, wakaomba za zamani. Nilianza kusikia kiu mimi mwenyewe. Wakati ulikuwa unaisha, na nilikuwa ninamutazama mutu anayerudi Walungu.

Ndipo akaingia Papa Idi.

"Salamu alekum, Mama Faida. Na Papa Lwaboshi, minakuheshimia sana. Lakini leo nitasema."

"Sema, papa," akajibu Papa Lwaboshi.

"Wakati nyumba yangu iliungua, wimbo yako njo ililala na mimi inje. Sikukuwa na kitu ingine. Sasa unatuletea synthé ya harusi na majina ya wakubwa! Huyu Deogratias Bahizire ni nani? Iko na magari? Iko na depo? Minauliza kila mutu hapa Murara, hakuna mwenye anamujua. Na Docteur iko wapi? Mulimufukuza? Mimi nataka gitare ya Docteur, papa. Njo ile tu nataka."

Papa Lwaboshi alivua kofia, akaiweka mezani karibu na mikro.

"Papa Idi," akasema, "Docteur njo Deogratias Bahizire."

Kwenye telefone nilisikia mutoto analia mbali na sufuria inaanguka.

Wenzangu, ninyi munajua namna tunavyoishi. Mutu wa muziki anaitwa Docteur, anaitwa Murefu, anaitwa Sukari, na unaweza kucheza naye nusu ya maisha bila kujua mama yake alimupa jina gani. Jina lake lote unalisikia siku ya matanga, padri akilisoma. Mimi niliyefundishwa majina na Papa Shabani, niliandika "Docteur" juu ya kaseti zote zile na sikumuuliza hata siku moja.

"Alikufa?" akauliza Papa Idi.

"Alikufa Kampala. Wageni njo walimuzika. Mimi sikufika. Hata udongo sikutupa." Sauti yake ilikuwa ileile ya gereji, na sasa nilijua ilikwaruzwa na nini. "Safari Kibambe, yule njo Murefu, wa bass. Vumilia Nabintu ni mama wa sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Alikuwa anauzisha mbele ya kiwanja kwenye tulikuwa tunafanya mazoezi. Kila wimbo yetu, yeye njo alicheza wa kwanza. Asipocheza, tunaitupa. Wengine ni vile vile, Papa Idi. Hakuna mukubwa hata mumoja mule."

"Sasa juu ya nini hukuwaita majina yenye tunajua? Ungesema Docteur, tungelia na wewe!"

"Nawaita mbele ya Mungu, papa. Nimwambie Mungu nipatie Docteur? Atasema madaktari niko nao mingi hapa, unataka yupi?"

Nilicheka. Bahati nyuma ya kioo alicheka, na uso wake ulikuwa umelowa. Papa Idi naye nilimusikia anacheka na kuvuta kamasi.

"Na gitare?" akauliza, lakini sasa polepole.

Papa Lwaboshi alitazama vidole vyake. "Nilitafuta soliste mwingine. Kijana wa maana, anapiga vizuri. Alikaa mahali ya Docteur, akaanza, na mimi nikashindwa kuimba. Mara mbili, mara tatu, sauti haitoki. Nikasema heri synthé. Synthé haina mikono. Haijifanyi mutu."

Mungu wangu. Nilikuwa nimekaa karibu naye miezi yote ile na birika la chai.

"Papa," akasema Papa Idi, "mimi njo nilikuwa namuletea Docteur kamba za gitare kutoka Kampala, kwenye lori. Mingi tu. Sikujua jina yake."

"Sasa unalijua."

"Ile synthé sitaipenda. Nisikudanganye."

"Usinidanganye."

"Haya." Akakohoa. "Mama Faida, saa iko?"

Nikatazama ukutani. Ilibaki kidogo, na habari zilikuwa tayari. Bahati, bila kuniuliza, alimuinulia mukono musomaji wa habari aliyekuwa mulangoni, kumwambia ngoja kwanza. Hilo sikukufundisha, Bahati. Ulilifanya mwenyewe, na ndiyo maana ninaandika haya yote.

"Saa iko, papa."

"Basi minaomba wimbo."

"Gani?"

"'Nawaita'. Tangu mwanzo. Na musiikate."

Nilipaswa kumuuliza swali linalofuata, lile nimeuliza Jumapili zote za maisha yangu.

"Kwa ajili ya nani, Papa Idi?"

"Ya Deogratias Bahizire. Usome vizuri."

Nikasoma. Papa Idi wa Murara anaomba "Nawaita", ya Papa Lwaboshi, kwa ajili ya Deogratias Bahizire. Bahati akafungua wimbo na kufunga mikro zetu, taa nyekundu ikazimika, synthé ile mbaya ikaanza kupiga. Papa Lwaboshi alinishika mukono juu ya meza.

"Mutoto ya kwetu," akaninong'oneza, "umesikia? Mutu ameomba."